Mitutu Kwanza, Nakshi Baadaye: Jinsi ya Kupima Bunduki Mpya ya Mitutu Iliyopandana

Muuzaji anapokutolea bunduki mpya ya marisau kabatini, aghalabu atakuonyesha ubavu wake kwanza: kwale wawili wanaoruka, maua yaliyosokotana, pengine na dhahabu kidogo. Ipokee, ifungue, hakikisha chemba zote mbili ni tupu, kisha ichomoe mitutu na uuache huo ubavu kando kwa muda. Thamani ya bunduki ya mitutu iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake, imo katika mambo matatu ambayo mkono wa mtia nakshi haukuyagusa: mitutu yenyewe, kiungo kinachoishikilia, na namna kitako kinavyokaa begani mwako. Wapo wanaolipa bei ya gari kwa ajili ya picha ya ndege, huku mitutu yao ikipiga mahali pawili tofauti. Nawaandikia wasomaji wangu ili pesa yao iende kunakostahili.

Bunduki hii ndiyo inayotawala leo viwanja vya kulenga visahani duniani, na katika uwindaji wa ndege Ulaya imeipita kwa umaarufu ile ya mitutu sambamba. Sababu ni mbili. Jicho linaona mtutu mmoja tu mbele yake, kwa hiyo shabaha haizibwi. Tena mtutu wa chini, ambao kwa kawaida ndio unaotangulia kupiga, uko karibu na usawa wa bega. Bunduki inasukuma nyuma badala ya kuruka juu, na mpigaji anakuwa tayari upesi kwa risasi ya pili. Lakini faida hizo zilikuja na mtihani kwa mafundi.

Mitutu ikilala sambamba, bawaba na komeo hukaa chini yake bila kumsumbua mtu. Ikipandana, pale pale pa bawaba pamekaliwa na mtutu mzima. Ukiiteremsha bawaba chini zaidi, mwili wa bunduki unakuwa na kimo kikubwa, na mkono wa mbele unakaa mbali na mstari wa jicho. John Robertson, mwenye Boss & Co. ya London, alitoa jibu lake mwaka 1909. Akishirikiana na fundi wake Bob Henderson, aliondoa vishikizo vya chini na kuipa mitutu vishikizo vya ubavuni, kulia na kushoto, ikawa inazunguka juu ya vipande viwili vifupi vilivyomo ndani ya kuta za mwili. Bunduki ikashuka kimo na kupendeza mno. James Woodward & Sons walifuata mwaka 1913 kwa muundo wa ukoo huo huo, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni yao ilichukuliwa na Purdey, ambao hadi leo hutengeneza bunduki zao za mitutu iliyopandana kwa msingi huo.

John Moses Browning, Mmarekani, alipita njia nyingine. Alitaka bunduki ambayo kiwanda kinaweza kuitoa kwa wingi na mtu wa kipato cha kawaida akaimudu. Kwa hiyo aliacha bawaba ibaki chini: pini moja nene inayokata upana wote wa mwili, na komeo bapa linaloingia chini ya chemba ya chini. Alifariki mjini Liège, Ubelgiji, tarehe 26 Novemba 1926, akiwa bado kazini katika kiwanda cha silaha cha FN, na mwanawe Val ndiye aliyekamilisha triga moja ya kupigia mitutu yote miwili. Bunduki hiyo iliyokuja kujulikana kama B25 ndiyo mzazi wa zile ambazo kampuni ya Miroku inatengeneza leo huko Kochi, Japani, kwa jina la Browning na kwa jina lake yenyewe.

Waitalia nao walichagua palipowafaa. Beretta, wa Gardone Val Trompia karibu na Brescia, familia ambayo kumbukumbu zake zinaonyesha kuwa mwaka 1526 iliiuzia Venice mitutu 185 kwa dukati 296, wanatumia vipande viwili vidogo vya kuzungukia ndani ya kuta, na komeo lao ni pini mbili zenye ncha kama pia zinazochomoza kulia na kushoto, katikati ya mtutu wa juu na wa chini. Kimo kinabaki kidogo. Perazzi, kampuni aliyoianzisha Daniele Perazzi mwaka 1957 katika eneo hilo hilo la Brescia, iko karibu zaidi na ukoo wa London.

Nimeieleza historia hii kirefu kwa sababu kila bunduki mpya utakayoishika dukani, iwe ya Kituruki, ya Kijerumani au ya Kihispania, imezaliwa na mojawapo ya fikra hizo. Zile za kimo kidogo huelekea penye jicho kwa urahisi. Mikono miwili iko karibu na mstari mmoja, na kwa ndege anayetokea ghafla ninazipendelea waziwazi. Zile za pini ya chini ni nzito kidogo machoni, lakini huvumilia miaka mingi ya matumizi mabaya, na fundi yeyote mzuri anaweza kuzikaza zikilegea. Kwa visahani pekee, nisingegombana na mtu aliyechagua yoyote kati ya hizo mbili.

Sasa rudisha mitutu mahali pake, ila acha kishikio cha mbele mezani. Funga bunduki, ishike penye shingo ya kitako, na kwa mkono wa pili jaribu kuitikisa mitutu kushoto na kulia. Bunduki mpya haipaswi kusogea hata chembe. Iinue kwenye mwanga wa dirisha, utazame pale nyuma ya mitutu inapokutana na uso wa mwili. Ukiona mstari wa mwanga, irudishie mwenyewe. Tazama pia wenzo wa juu, ule unaousukuma kwa kidole gumba kufungulia. Katika bunduki mpya husimama kidogo upande wa kulia wa katikati. Kadiri komeo linavyosagika ndivyo wenzo unavyosogea kuelekea katikati, na miaka ikipita huvuka kushoto. Wenzo uliokwisha fika katikati siku ya kwanza unakwambia kwamba aliyelifunga komeo aliharakisha, au kwamba bunduki hiyo ilitumika kwa maonyesho kabla ya kuitwa mpya.

Ugumu wa kufungua na kufunga usikutishe. Bunduki njema huja ngumu, na hulainika baada ya risasi mia kadhaa. Kinachotakiwa ni ugumu unaolingana kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwendo, na mlio mmoja mzito inapojifunga. Mafundi wa London hupaka chuma masizi ya taa, wakaifunga bunduki, wakaifungua, kisha wakakwangua pale tu masizi yalipohama, na kurudia hivyo hadi nyuso zote zigusane sawasawa. Kiwanda cha bei nafuu hakina muda huo, lakini mashine za leo za kompyuta hukaribia sana matokeo yale, na alama za mgusano zitakuonyesha kama zimefaulu: tafuta mng'ao uliotawanyika kwenye uso wote wa bawaba na komeo. Ukikuta doa moja linalong'aa na sehemu nyingine kavu, mzigo wote umebebwa na doa hilo.

Kuna swali moja la kumwuliza muuzaji hapo hapo. Mtu anayelenga visahani mia kila Jumamosi humaliza risasi zaidi ya elfu tano kwa mwaka, na baada ya miaka kumi amepita elfu hamsini. Je, kiungo kikilegea, kuna vipande vya kubadilisha, na vinapatikana kwa saizi kubwa kidogo ya kufidia msago? Kwa Beretta na Perazzi vipo. Muuzaji akibabaika, ujue unanunua kitu ambacho siku moja hakitakuwa na wa kukitengeneza.

Turudi kwenye mitutu, maana hapo ndipo penye kazi ngumu kuliko zote. Bunduki nyingi za leo hujengwa kwa mirija miwili ya chuma inayopachikwa kwenye kipande kimoja cha nyuma chenye chemba na vishikizo. Mstari wa maungio huonekana sentimita chache mbele ya chemba, na mara nyingi hufichwa kwa pete ya nakshi. London bado wanapenda kila mtutu ufuliwe pamoja na nusu ya kishikizo chake, kisha nusu hizo ziunganishwe. Njia hii ya pili ni ghali na ina heshima yake, lakini usidanganywe kwamba ya kwanza ni duni. Imefanya kazi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Itoe mitutu uielekeze kwenye dirisha lenye kizingiti kilichonyooka, utazame ndani kutokea nyuma. Kivuli cha kizingiti kitajichora kwenye ukuta wa mtutu kama mistari miwili mirefu. Mistari ikinyooka hadi mdomoni unapouzungusha mtutu polepole, mtutu umenyooka. Ikijikunja au kukatika, kuna aliyeupinda au kuulehemu vibaya. Fanya hivyo hivyo nje: iweke chini ya taa ndefu ya dari, uuangalie mwanga ukitembea juu ya chuma. Mitutu iliyosuguliwa kwa mkono hubeba mwanga bila kuuvunja. Iliyosuguliwa kwa haraka ina mawimbi madogo, hasa karibu na ukanda wa juu, yaani ule utepe wa chuma uliolehemiwa mgongoni mwa mtutu. Mawimbi hayo hayaathiri shabaha, ila hukuonyesha jinsi kiwanda kilivyojali pale walipodhani hutatazama.

Kisha isikilize. Ining'inize mitutu kwa kidole au uzi uliopita kwenye kishikizo cha kishikio cha mbele, uigonge kwa kifundo cha kidole. Lehemu ikiwa nzima, chuma kitalia na mlio utakawia. Mlio uliokufa, au wenye mkwaruzo, maana yake ukanda umeachia mahali fulani, na hapo unyevu utaingia na kutu italala mahali ambapo hutaiona. Mitutu isiyo na kanda za pembeni hulia kwa sauti nyingine, kwa hiyo linganisha bunduki na nyenzake za aina hiyo hiyo dukani, si na ya aina nyingine.

Yote hayo unaweza kuyafanya bila kufyatua. Kipimo kikubwa zaidi hakifanyiki dukani, na ndiyo sababu wanunuzi wengi hawakifanyi. Mitutu miwili iliyopandana haielekei sambamba. Fundi huipangilia ili yote miwili ipige mahali pamoja kwa umbali wa kawaida wa kupigia, kisha huilehemu ikiwa imetulia hapo. Joto likiwa kali kupita kiasi, au kifungio kikisogea kidogo tu, kila mtutu unapata shabaha yake. Nenda kwenye uwanja wenye bamba la chuma lililopakwa chokaa, weka alama katikati, simama mita 36 hivi, na upige risasi kadhaa kwa kila mtutu, ukipaka chokaa upya kila baada ya kuandika matokeo. Usitazame risasi moja. Tazama kitovu cha wingu la marisau baada ya risasi tano au sita. Vitovu vya mitutu miwili vikitofautiana kwa upana wa kiganja, mimi siichukui bunduki hiyo hata kama kitako chake kimechongwa na malaika. Hakuna mafunzo yatakayofidia kosa hilo, kwa sababu utakosa kwa mtutu mmoja na kupata kwa mwingine, na mwishowe utajilaumu wewe.

Bamba hilo hilo litakufundisha juu ya choki, yaani mbano ulio karibu na mdomo wa mtutu. Kwa kipimo cha miaka mingi, unahesabu marisau yaliyoingia kwenye duara la sentimita 76 kwa umbali wa yadi 40. Mtutu usio na mbano huingiza kama asilimia 40, robo choki 55, nusu choki 60, na choki kamili 70. Siku hizi choki nyingi huja kama vipande vya kufungia kwa skrubu. Fungia kimoja, tazama ndani kutokea nyuma: mstari wa maungio uwe duara linalolingana pande zote, na mdomo wa nyuma wa kipande hicho uwe umejificha kidogo nyuma ya ukuta wa mtutu. Ukiona ukingo wake umechomoza ndani, marisau yataukwaruza na siku moja yatakipasua. Bunduki yenye choki za kudumu ni nyepesi zaidi mdomoni na inageuka vizuri mno, lakini lazima ujue utaiwindia nini kabla hujalipa.

Hapa kuna jambo ambalo mnunuzi wa miaka 30 iliyopita hakulazimika kulifikiria. Marisau ya plumbi, yaani ya madini ya risasi, yanaondoka. Umoja wa Ulaya uliyazuia marisau hayo katika maeneo ya ardhi oevu kuanzia Februari 2023, na Uingereza nayo imeamua kuyaondoa katika uwindaji. Marisau ya chuma ni magumu. Hayabonyei yanapopita kwenye mbano, na risasi zake zenye nguvu zina msukumo mkubwa. Risasi ya kawaida ya geji 12 katika nchi za CIP, mkataba wa kimataifa wa kujaribu silaha, haipaswi kuvuka shinikizo la bar 740. Ile ya chuma yenye nguvu huruhusiwa hadi bar 1,050. Kwa hiyo tafuta, kwenye mitutu, alama ya ua la yungiyungi inayopigwa na nyumba ya majaribio baada ya bunduki kupigishwa risasi za shinikizo kubwa kuliko la kawaida. Gardone wana nyumba yao, London wana yao tangu karne ya 17, na Birmingham tangu 1813. Bunduki mpya isiyo na yungiyungi isinunuliwe leo na mtu anayetarajia kuirithisha.

Kuhusu uzito, uwanja na pori hazitaki kitu kimoja. Kisahani cha mashindano kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105, na mpigaji anarusha risasi mia au zaidi kwa siku; anataka bunduki ya kilo 3.6 hadi 3.8, mitutu ya sentimita 76 au 81, chuma kingi kinachomeza teke na kuendelea na mwendo hata mkono ukichoka. Mwindaji anatembea saa nyingi na kufyatua mara chache, hivyo kilo 3.2 zinamtosha kwa geji 12, na chini ya 3 kwa geji 20. Mchanganyiko upo, lakini kila mchanganyiko una upande ulioutoa sadaka. Perazzi MX8 ilizaliwa kwa kazi moja: Ennio Mattarelli, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo 1964, alishirikiana na Daniele Perazzi kuiandaa kwa ajili ya Mexico 1968, ikiwa na mitambo ya triga inayochomoka yote kwa pamoja ili ikivunjika springi, mtu abadilishe na kuendelea na shindano. Bunduki za namna hiyo zinajua zinachotaka. Ndugu zetu walioko Ghuba wanazifahamu vyema, maana huko kulenga visahani ni mchezo wa heshima: medali ya kwanza ya Olimpiki ya Falme za Kiarabu, dhahabu ya Ahmed Al Maktoum mjini Athens mwaka 2004, ilitoka kwenye visahani.

Uzito wenyewe si kitu bila mizani. Iweke bunduki iliyofungwa juu ya kidole, penye bawaba. Ikitulia hapo, au sentimita moja mbele, imepangwa na mtu anayejua. Ikianguka nyuma, itaanza haraka na kusimama ghafla katikati ya mwendo, na ndege atapita mbele ya marisau.

Triga nitaipitia kwa haraka. Ivute kwa kutumia risasi bandia, kamwe si kwa chemba tupu, na uitarajie ikatike kwa uzito wa kilo 1.6 hadi 1.8, bila kukokota. Baadhi ya bunduki hutegemea teke la risasi ya kwanza ili kuandaa mtutu wa pili. Nyingine zina mtambo usiohitaji teke. Ya kwanza imethibitika kwa miaka mingi, ya pili inakuokoa risasi ya kwanza inapogoma kulipuka. Maganda matupu yaruke yote mawili umbali uleule, na risasi isiyofyatuliwa ichomoze tu bila kuruka. Sefti inayojirudisha yenyewe kila unapofungua bunduki ni ya porini, uwanjani inakera.

Sasa kitako, na hapa naomba subira, kwa sababu hakuna bunduki nzuri isiyokutosha mwilini. Bunduki ya marisau hailengwi kwa kukodoa macho kama bunduki ya risasi moja. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, na mgongo wa kitako ndio unaoamua jicho hilo likae wapi. Fanya hivi: ukiwa na hakika bunduki ni tupu na hakuna mtu mbele, tazama alama ukutani, fumba macho, ipandishe begani kama ulivyozoea, shavu liguse mbao, kisha fumbua. Ukanda wa juu uonekane kama mstari mwembamba ulionyooka kuelekea kwenye ile alama. Ukiona uso mrefu wa ukanda, kitako kiko juu mno na utapiga juu. Ukiona mgongo wa mwili tu, kiko chini. Ukiona ubavu wa mtutu, mpindo wa kando haukufai, au jicho lako tawala si lile ulilodhani.

Vitako vya dukani hutengenezwa kwa mtu wa wastani wa Ulaya, urefu wa milimita 370 hivi kutoka triga hadi bega. Mwanamke, kijana, au mwanamume mwenye mabega mapana na shingo ndefu si mtu huyo. Fundi anaweza kukifupisha, kukirefusha kwa kipande cha mpira, au kukipinda: hupasha mafuta moto, akayamwagia penye shingo ya kitako hadi mbao ilainike, akaibana polepole katika umbo jipya. Kwa visahani, mgongo wa kitako unaopandishwa na kushushwa kwa skrubu unatosha. Yeyote anayekuuzia bunduki bila kukupima anakuuzia chuma tu.

Mbao yenyewe ni ya mjozi, na inayosifiwa zaidi hutoka Uturuki. Mnunuzi huvutwa na mawimbi meusi ya sehemu ya nyuma, lakini nguvu iko kwenye shingo nyembamba, pale mkono unaposhika. Nyuzi za mbao zipite hapo zikiwa zimenyooka kutoka mwilini kuelekea nyuma. Zikikata shingo kwa mshazari, kitako kitapasuka hapo siku bunduki itakapoanguka. Tahadhari na mbao zilizochapwa mistari ya bandia. Tazama palipokatwa vijimraba vya kushikia. Mistari ya kweli inaendelea ndani ya mikato, ya bandia inakoma ukingoni. Na mbao inyanyuke kidogo juu ya chuma inapokutana nacho, ili miaka 20 ijayo fundi akiisugua na kuipaka mafuta upya, bado ilingane.

Nakshi nimeiacha mwisho kwa makusudi, ingawa naipenda. Mlango wa Mji Mkongwe husifiwa kwa maua yaliyochongwa kwenye fremu, lakini umesimama miaka yote hiyo kwa sababu ya mbao nzito na maungio yake. Bunduki ni hivyo hivyo. Gardone na vijiji vya jirani vina mafundi wa kunakshi kwa ncha ya chuma, nukta baada ya nukta, hadi manyoya ya ndege yanaonekana kama picha ya kamera. Firmo Fracassi ni miongoni mwa waliolifikisha jambo hilo kwenye kilele. Kazi ya namna hiyo huchukua miezi na bei yake ni halali. Nakshi ya leza, ambayo ndiyo iliyopo kwenye bunduki nyingi za bei ya kati, si aibu mradi isiuzwe kama ya mkono. Chukua lenzi ya sonara: mstari wa mkono huanza kwa wembamba, hunenepa, hufifia. Mstari wa leza una kina kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sakafu yake ina chembechembe.

Kuhusu bei, Waturuki wa Huğlu na kwingineko wamepanda sana kwa ubora, na kwa anayeanza wanatosha, ila hapo kila bunduki ipimwe peke yake kwa sababu mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana. Katikati wamekaa Beretta, Browning na Miroku, pamoja na nyumba za Marcheno kama Rizzini na Caesar Guerini. Hapa ndipo pesa inapozaa zaidi. Juu yao, Perazzi na Krieghoff ya Ulm, Ujerumani, huuza hasa uimara wa maelfu kwa maelfu ya risasi. London ni ulimwengu mwingine, wa miaka ya kusubiri, na anayeuingia hahitaji ushauri wangu.

Kwa msomaji wa Tanzania, ambako kanga na kwale bado huwindwa kwa kibali, kuna mambo mawili ya kuongeza. Leseni hutangulia ununuzi, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na vumbi la nyanda zetu hukaa ndani ya mafuta mazito likageuka msasa. Kwa hiyo mafuta yawe machache, bawaba ifutwe kila jioni na kupakwa grisi mpya, na bunduki iwe ya muundo ambao vipuri vyake vinaweza kuagizwa. Bunduki nzuri isiyo na fundi wa karibu ni mzigo.

Ningekuwa na pesa ya bunduki moja tu, ningechukua ya geji 12, mitutu ya sentimita 76, choki za kubadilisha, alama ya yungiyungi, uzito wa kilo 3.4, ubavu usio na nakshi, ya Gardone au ya Kochi. Ningeipeleka kwanza kwenye bamba la chokaa, kisha kwa fundi wa vitako, na kiasi kilichobaki kingeishia kwenye risasi za mazoezi na mwalimu mzuri.